Kabla Pikipiki Haijang'oa: Trela, Hema na Afya ya Msafiri

Kama kalamu iko karibu, ichukue, kwa maana leo kuna vipimo kadhaa ambavyo ni afadhali viandikwe.

Leo tunazungumzia safari ndefu ya pikipiki. Si ile ya bodaboda kutoka steji hadi nyumbani. Ni safari ya siku nne, tano au wiki nzima, pikipiki ikivuta trela ndogo nyuma yake, na wasafiri wakilala kwenye hema. Zamani ukiona jambo hilo barabarani ulijua ni mgeni kutoka Ulaya anayezunguka Afrika. Siku hizi ni vijana wetu wenyewe. Likizo ya Desemba ikifika, wanafunga hema na sufuria kwenye trela, wanatoka Nairobi, Thika au Nakuru, wanaelekea kaskazini kuliona Ziwa Turkana. Huenda kijana huyo ni mwanao. Huenda ni baba watoto. Huenda ni wewe mwenyewe umeambiwa, "Mama, panda nyuma, twende."

Utauliza, mambo ya pikipiki na trela yanamhusu mama vipi? Yanakuhusu kwa sababu katika nyumba nyingi wewe ndiye unayefunga mzigo. Unajua nani ana pumu, nani anameza dawa za presha, nani hawezi kunywa maji ya kila mahali. Mwenye pikipiki atafikiria petroli na matairi. Wewe utafikiria mwili wa yule anayekaa juu ya pikipiki.

Tuchukue safari moja tuifuate: kutoka Nairobi hadi Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Msafiri anapita Nanyuki, ambako asubuhi ni baridi ya kuumiza vidole. Akitoka Timau anateremka kwenda Isiolo, na katika mteremko huo anashuka zaidi ya mita 1,000. Baridi inabaki mlimani, joto linampokea chini. Kutoka Isiolo kuna lami nzuri hadi Laisamis, kwenye barabara ile ya kwenda Marsabit na Moyale. Hapo Laisamis anaiacha lami, na mbele yake kuna kilomita zaidi ya 200 za changarawe, mawe na mchanga, kupitia Ngurunit na South Horr. Kwa hiyo mwili mmoja, katika siku mbili au tatu, unapata baridi, joto kali, vumbi, upepo na mtikisiko. Trela nayo iko nyuma muda wote.

Hebu tuanze na trela, maana hapo ndipo watu wengi hawaoni hatari.

Trela humfanya mtu aone ana nafasi. Mtu ambaye angebeba begi moja sasa anabeba meko, viti, godoro, debe la maji na kreti ya soda. Lakini breki za pikipiki hazikuongezeka. Uzito ukiongezeka nyuma, pikipiki inahitaji nafasi ndefu zaidi ili isimame. Kwenye mteremko kama ule wa Timau, trela nzito inaisukuma pikipiki kutoka nyuma. Dereva anapaswa kuingiza gia ndogo kabla hajaanza kuteremka, wala asiendelee kukanyaga breki mfululizo hadi zipate moto.

Namna ya kupanga mzigo nayo ni afya, mama, usiidharau. Vitu vizito kama maji na vyakula vya mikebe viwekwe chini kabisa, karibu na magurudumu ya trela na mbele yake kidogo. Blanketi na nguo ndizo zikae juu na nyuma. Ukijaza vitu vizito nyuma ya magurudumu, sehemu ya mbele ya trela inainuka, na mwendo ukiongezeka trela inaanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Ikianza hivyo, dereva asishike breki ghafla. Apunguze mafuta polepole, ashike usukani imara, aache mwendo ushuke wenyewe. Kila wanaposimama, aguse katikati ya magurudumu ya trela kwa tahadhari. Magurudumu hayo ni madogo, yanazunguka upesi kuliko ya pikipiki. Kama pale katikati panachoma, beringi imeanza kuharibika, na wasiendelee mpaka fundi aione.

Upepo nao msiusahau. Mkifika upande wa Sarima, kabla ya Loiyangalani, mtaona mitambo mirefu ya upepo, 365 kwa hesabu, inayotengeneza umeme. Haikuwekwa pale kwa mapambo. Iliwekwa kwa sababu upepo wa pale ni mkali na hauchoki. Upepo unaoweza kuzungusha mitambo ile unaweza kusukuma trela iliyorundikwa mzigo mrefu hadi nje ya barabara. Mzigo usipite kimo cha mabega ya dereva akiwa ameketi.

Sasa kuna swali ambalo akina mama wengi huuliza: Je, watoto wanaweza kukaa kwenye trela, juu ya godoro, wakifunikwa vizuri na hema?

Hapana. Na hapa sitatafuta maneno laini. Trela ya mizigo haina mkanda, haina kiti, haina kitu cha kumzuia mtoto asirushwe. Ikipinduka, dereva anaweza kubaki amesimama juu ya pikipiki yake na mtoto akawa chini ya trela. Vumbi na moshi wa ekzosi vinakwenda moja kwa moja pale mtoto alipo, na mtoto akianza kutapika au kupoteza fahamu, dereva hatasikia kwa sababu ya upepo na kofia. Wengine husema, "Mbona shambani tunawabeba kwenye mkokoteni?" Mkokoteni wa punda haukimbii kilomita 80 kwa saa.

Kwenye pikipiki yenyewe, sheria yetu ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva, na wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi la kung'aa. Mtoto ambaye miguu yake haifiki mahali pa kuegemeza nyayo bado ni mdogo mno kwa safari ya namna hii. Mama mjamzito asiende. Familia ikitaka kufika Loiyangalani pamoja, watoto na mama wapande gari hadi kule, na pikipiki ilete mizigo. Mtakutana ziwani na furaha itakuwa ile ile.

Kuhusu kofia, Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba kofia ngumu nzuri, iliyovaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 40, na hatari ya majeraha mabaya ya kichwa kwa takriban asilimia 70. Iliyovaliwa sawasawa maana yake ni kwamba mkanda umefungwa chini ya kidevu. Kofia inayoning'inia kwenye kiwiko ili polisi wakionekana ivaliwe haraka, hiyo ni ya polisi, si ya kichwa.

Tuje kwenye uchovu. Mtu akiulizwa anaogopa nini katika safari ya kaskazini atakutajia simba na majambazi. Kwangu mimi, usingizi unanitisha kuliko simba. Mtikisiko wa changarawe, kelele ya injini na jua la utosini huchosha ubongo, na ubongo uliochoka hulala kwa sekunde mbili tatu macho yakiwa wazi. Katika sekunde tatu, pikipiki iliyo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa imekwenda zaidi ya mita 60 bila dereva. Kahawa haiondoi usingizi huo, inauchelewesha tu. Kwa hiyo baada ya kila saa mbili wasimame kwa dakika 15, washuke, wanyooshe mgongo, wanywe maji. Kwenye changarawe wasimame mapema zaidi. Na ikifika saa kumi na moja jioni, hema iwe imeanza kusimamishwa. Ukanda ule jua huzama yapata saa kumi na mbili na nusu, na giza huingia upesi. Ngamia na punda hulala barabarani usiku kwa sababu lami ina joto, na ngamia hana taa.

Mama, kwenye jambo hili una nguvu kuliko unavyodhani. Usimwambie kijana "uwe mwangalifu," maana neno hilo ameshalizoea. Mwambie, "Nitangojea simu yako saa kumi na moja kutoka Archer's Post." Kuna sehemu ndefu njiani zisizo na mtandao, kwa hiyo mkubaliane miji atakayopigia, na mkubaliane saa ngapi utaanza kuuliza watu asipopiga. Andika namba ya pikipiki na namba za simu za wenzake.

Sasa maji. Anayeendesha pikipiki kwenye joto hupoteza maji mengi bila kujua, kwa sababu upepo hukausha jasho kabla halijaonekana. Anafika jioni shati likiwa kavu, anadhani hakutoka jasho. Panga angalau lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa kila siku katika sehemu za joto, mbali na maji ya kupikia na kunawa. Asingoje kiu. Aangalie mkojo: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, yuko sawa, ukiwa kama chai ya rangi, anahitaji maji mara moja. Kichwa kikiuma, misuli ikikaza, moyo ukienda mbio, akae kivulini na anywe maji ya ORS. Pakiti zinauzwa madukani kwa bei nafuu, na soma kwenye pakiti inachanganywa na maji kiasi gani. Pakiti ikikosekana, andika hapa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawa, visirundikwe. Chumvi isizidi.

Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au kupepesuka kama mlevi na ngozi inachoma, hiyo si kiu tena. Joto limeingia mwilini na linaweza kuua. Mvueni nguo nzito, mloweshe kwa maji mwili mzima, mpepeeni, na mumpeleke hospitali. Msimlazimishe kunywa kama hana fahamu vizuri.

Na mkifika Ziwa Turkana, msidanganywe na rangi yake nzuri. Maji yake ni ya magadi na yana floraidi nyingi. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi wala floraidi. Tumieni maji ya chemchemi za Loiyangalani, na hayo pia myachemshe au myatie dawa ya kutibu maji. Kuoga ziwani nako muulize mwenyeji kwanza, kwa sababu mamba ni wengi.

Tumefika kwenye hema. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana usiku una mambo yake.

Jambo la kwanza ni jiko. Usiku wa Nanyuki au wa Mlima Marsabit ni baridi, na mtu aliyechoka hujisemea, "Makaa yamebaki kidogo, acha niingize jiko hemani tuote." Akina mama, makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaleta kichwa kuuma na usingizi, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Makaa yaliyofunikwa jivu bado yanaitoa, na kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, lizimwe kwa maji au mchanga. Kwa baridi, pakia blanketi moja zaidi na soksi za sufu. Trela ina nafasi, basi itumike kwa hilo.

Petroli ya akiba isikae hemani wala karibu na moto, na isiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto, au hata mtu mzima mwenye kiu gizani, atainywa. Aliyekunywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe na asipewe maziwa, kwa sababu akitapika huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali.

La pili ni mahali pa kusimamisha hema. Vijana hupenda kwenye lugga, ile njia ya mto mkavu, kwa sababu mchanga ni laini na kuna kivuli. Mvua ikinyesha milimani, maji huja usiku kwa ghafla, hata kama pale mlipolala hakukudondoka tone. Laleni juu ya ukingo. Epukeni pia vichuguu vya mchwa na ardhi yenye nyufa. Humo hukaa mdudu mdogo sana, usubi, anayeeneza ugonjwa wa kala-azar. Ugonjwa huo uko Marsabit, Wajir, Isiolo, Turkana, Pokot Magharibi na Baringo, na mwaka 2017 ulilipuka Marsabit na Wajir. Usubi huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya neti ya kawaida, kwa hiyo neti iwe ile iliyotiwa dawa. Kuketi juu ya kichuguu jioni mkipiga hadithi, kama watu wanavyopenda, ni kumkaribisha.

Nyoka na nge wapo. Viatu vikung'utwe kila asubuhi, hema ifungwe zipu wakati wote, na anayekwenda haja usiku awe na tochi na viatu. Kule kuna nyoka mdogo anayekaa kwenye mawe na mchanga, ambaye sumu yake hufanya damu isigande. Aliyeumwa na nyoka asikatwe kwa wembe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, na msipoteze saa moja mkitafuta jiwe jeusi. Mvueni pete na saa kabla mkono haujavimba, mfungeni kijiti mkono au mguu usitikisike, alale kimya, na mtafute gari. Kwa maumivu apewe paracetamol; asipewe aspirini wala ibuprofen, maana zinaweza kuzidisha kutoka damu. Si kila dispensari ina dawa ya sumu ya nyoka, kwa hiyo pigeni simu mbele mkiwa njiani, mjue kama ni Marsabit au Isiolo.

Wenye magonjwa ya kudumu wanaweza kusafiri wakijiandaa. Mwenye pumu ajue vumbi la changarawe litamsumbua, na avae kitambaa puani. Insulini ya mwenye kisukari huharibika kwenye joto. Iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya chungu kidogo cha udongo kilichozungushiwa kitambaa chenye unyevu, mbali na jua. Isiwekwe kwenye sanduku la nyuma juu ya ekzosi.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa ulikumbuke unapofunga mzigo: vya kuokoa maisha visiwekwe kwenye trela. Trela inaweza kukatika, kuibiwa, au kuachwa njiani ikivunjika ekseli. Dawa za kila siku, bomba la pumu, bandeji, chupa ya maji, simu, kitambulisho na namba za bima ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, vikae kwenye begi mgongoni au mfukoni mwa msafiri. Weka na karatasi iliyoandikwa jina lake, ugonjwa alio nao, dawa isiyompatana na namba yako. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Ajali ikitokea, aliye na kofia asivuliwe kwa haraka, isipokuwa hapumui. Shingo yake isigeuzwe. Damu ikitoka kwa wingi, bonyezeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeungua na ekzosi amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno na mayai mviweke kando. Pigeni 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Kisha msafiri atarudi, mweusi kwa jua, picha tele kwenye simu. Usidhani kazi imeisha. Homa yoyote ipimwe malaria ndani ya saa 24. Usimpe dawa za kubahatisha kutoka dukani. Kala-azar huchelewa. Huweza kujitokeza baada ya wiki kadhaa au miezi, wakati safari imeshasahauliwa: homa inayozidi wiki mbili na haisikii dawa za malaria, mwili kukonda, tumbo kuvimba upande wa kushoto kwa sababu ya bandama, na damu kupungua. Ina tiba, lakini isipotibiwa huua. Hospitali ya Nairobi au Kisumu huenda isiifikirie haraka, kwa sababu huko haionekani mara kwa mara. Kwa hiyo umpelekapo, mwambie daktari bila kungoja kuulizwa: "Alilala kwenye hema Marsabit mwezi wa Desemba." Kuna kipimo cha haraka cha tone la damu.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, siku na saa kama hizi, tutazungumzia chanjo ya surua na ratiba yake. Kwaherini.